Ibn Battuta: Msafiri wa Tangier Aliyehesabu Umbali wa Kilwa kwa Siku za Upepo

KILWA, LINDI

Katika mji wa Tangier, kaskazini mwa Moroko, kuna uwanja wa ndege wa kimataifa unaoitwa kwa jina la Ibn Battuta. Katika kisiwa cha Songo Songo, Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kuna uwanja mdogo wa ndege unaohudumia kisiwa kinachofahamika nchini kwa gesi asilia. Kati ya viwanja hivyo viwili kuna umbali wa takriban kilomita 6,840 kwa njia fupi kabisa ya angani. Ndege kubwa ya abiria yenye mwendo wa kilomita 850 kwa saa ingeweza kuumaliza umbali huo kwa muda wa saa nane hivi.

Hakuna ndege ya abiria inayoviunganisha viwanja hivyo moja kwa moja. Hata hivyo, takriban miaka 700 iliyopita mtu mmoja alitoka Tangier, akapita katika bahari ya Kilwa na kuacha maelezo ya alichokiona. Mtu huyo ndiye Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ibn Battuta. Yeye hakuwa na kilomita wala saa za kuhesabia safari. Alihesabu umbali kwa idadi ya siku ambazo chombo kilikaa baharini, na hesabu hiyo imebaki kuwa miongoni mwa kumbukumbu muhimu za historia ya pwani ya Tanzania.

Kijana aliyeondoka peke yake

Ibn Battuta alizaliwa Tangier tarehe 25 Februari, 1304, katika familia ya wanasheria wa Kiislamu wa madhehebu ya Maliki. Asili ya ukoo wake ilikuwa kabila la Lawata, moja ya makabila ya Waberberi wa Afrika Kaskazini. Katika familia ya aina hiyo, kijana alitarajiwa kusoma elimu ya dini na sheria, kisha kushika kazi ya ukadhi katika mji wake au mji wa jirani.

Tarehe 14 Juni, 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake na kuanza safari ya Hija. Aliondoka peke yake, bila mwenzi wa kuzungumza naye njiani wala msafara wa kujiunga nao, jambo ambalo alilikumbuka kwa huzuni katika uzee wake. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai siku hiyo. Hakuwaona tena.

Alipita katika miji ya Afrika Kaskazini hadi Misri, akafika Alexandria na Cairo, kisha akaingia Syria. Mjini Damascus alioa, akamwacha mkewe akiwa mjamzito na kuendelea na safari ya Hijazi. Alifika Makka mwaka 1326, zaidi ya mwaka mmoja tangu alipotoka nyumbani. Kwa mahujaji wengi, hapo ndipo safari huanza kurudi nyuma. Kwa Ibn Battuta, hapo ndipo ilipoanza kupanuka. Alitembelea Iraki na Uajemi, akarejea Makka, akakaa huko kwa muda akiongeza elimu, kisha akaelekea Bahari ya Shamu kutafuta chombo cha kumpeleka kusini.

Kusini pamoja na Kaskazi

Kutoka Jidda alivuka hadi Yemen na kufika Aden, bandari iliyokuwa lango la biashara kati ya Misri, India na Afrika Mashariki. Aden ndipo safari yake ilipoingia katika utaratibu wa pepo za msimu, utaratibu ambao mabaharia wa pwani hii wanaufahamu hadi leo. Kuanzia mwezi Desemba hadi Machi huvuma Kaskazi, upepo unaosukuma vyombo kutoka Arabuni kuja Afrika Mashariki. Baadaye hugeuka na kuvuma Kusi, upepo unaovirudisha vyombo kaskazini. Chombo kilichochelewa msimu wake kililazimika kusubiri miezi kadhaa, hata kama bandari kilikotaka kwenda haikuwa mbali.

Hivyo basi, kwa msafiri wa zama hizo, swali la umbali kati ya bandari mbili lilikuwa na majibu mawili. Jibu la kwanza lilihusu idadi ya siku za safari iwapo upepo ulikuwa mzuri. La pili lilihusu idadi ya miezi ya kusubiri upepo huo.

Ibn Battuta alivuka kutoka Aden hadi Zeila, katika pwani ya Wasomali. Mji huo haukumpendeza kutokana na harufu ya samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, kiasi kwamba alichagua kulala chomboni ingawa bahari ilikuwa imechafuka. Kutoka Zeila alisafiri siku 15 hadi Mogadishu. Njia hiyo huizunguka Pembe ya Afrika na ina urefu wa takriban kilomita 2,100 baharini. Kwa hesabu hiyo, chombo chake kilikwenda wastani wa kilomita 140 kwa siku, mwendo mzuri kwa chombo cha tanga kinachosukumwa na Kaskazi.

Mogadishu ilimpokea kwa ukarimu. Vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogo kulaki chombo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa, na mfanyabiashara aliyepewa sahani alikuwa mgeni wa nyumba ilikotoka sahani hiyo. Kwa kuwa Ibn Battuta alikuwa mwanachuoni, kadhi wa mji alimpeleka kwanza kwa mtawala. Alilishwa wali wa samli, kitoweo cha nyama, kuku na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Maelezo hayo ni ya karne ya 14, lakini mkazi yeyote wa pwani ya leo anaweza kuvitambua vyakula hivyo.

Kutoka Mogadishu alishuka hadi Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Alieleza kuwa wakazi walikula ndizi na samaki, na kwamba nafaka yao iliingizwa kutoka nchi ya Sawahili. Alibainisha kuwa misikiti yao ilijengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa, na kwamba watu walitembea pekupeku, wakaosha miguu kwa maji ya kisima kilichokuwa mlangoni kabla ya kuingia kusali. Kitabu chake ni miongoni mwa maandishi ya zamani yanayolitaja neno Sawahili kuhusu pwani hii.

Chombo kilichotoka Mombasa kuelekea Kilwa kilikuwa na zaidi ya kilomita 500 mbele yake. Kabla ya kufika bandarini, vyombo vinavyotoka kaskazini hupita katika bahari yenye visiwa na miamba ya matumbawe ya Songo Songo, umbali wa takriban kilomita 50 kaskazini mwa Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta hakukitaja kisiwa hicho kwa jina. Ni vyema pia wasomaji wakatofautisha Songo Songo na Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani ambako kuna magofu ya mji wa kale.

Mgeni wa Sultani wa Kilwa

Kwa tarehe inayokubaliwa na watafiti wengi, Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Aliukuta mji mkubwa wa pwani, ambao aliuhesabu miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko mingi aliyoiona. Alieleza kuwa nyumba zake zilikuwa za mbao na mapaa ya nyasi, na kwamba mvua zilinyesha kwa wingi. Wakazi wake walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii.

Mtawala wa Kilwa wakati huo alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, maana yake Baba wa Zawadi, kwa sababu ya ukarimu wake. Ibn Battuta alisimulia kisa alichokishuhudia siku ya Ijumaa. Sultani alipotoka msikitini kurudi nyumbani, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani na kumwomba nguo alizokuwa amevaa, tena azipate wakati uleule. Sultani alirudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akabadili mavazi na kumkabidhi fakiri yale aliyoyaomba. Watu walimsifu sana kwa unyenyekevu huo. Mwanawe akazichukua nguo zile kutoka kwa fakiri na kumpa watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolipokea jambo hilo, aliamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama ushahidi wa ukarimu wa Kilwa, na ndivyo Ibn Battuta alivyokusudia. Aidha, kinaonyesha upande mwingine wa utajiri wa bandari hiyo. Watu 20 walihesabiwa pamoja na pembe za ndovu na kukabidhiwa kwa mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari. Msafiri hakuandika majina yao wala walikotoka, na kama walivushwa bahari, safari yao haikuwa ya hiari. Msomaji wa leo hana budi kuzisoma pande zote mbili za habari hiyo.

Maelezo ya Ibn Battuta kuhusu Sultani yamethibitishwa na ardhi yenyewe ya Kilwa. Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji katika Kilwa Kisiwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, alipata katika jumba la Husuni Kubwa maandishi ya mawe yanayomtaja al-Hasan bin Sulaiman. Jumba hilo, lililojengwa juu ya ukingo wa bahari, lina vyumba zaidi ya 100 na birika lenye pande nane. Upanuzi mkubwa wa Msikiti Mkuu nao unahusishwa na enzi zake. Vilevile, sarafu ya shaba yenye jina lake ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, mbali sana na bahari, ikiwa ni alama ya biashara ya dhahabu iliyoitajirisha Kilwa.

Hata hivyo, magofu hayo ya mawe yanaibua swali, kwa kuwa msafiri alisema mji ulijengwa kwa mbao. Jambo hilo halina budi kuangaliwa kwa makini. Ibn Battuta alisimulia habari za Kilwa zaidi ya miaka 20 baada ya kufika, na nyumba za watu wengi katika mji wa pwani zilikuwa za miti, udongo na makuti, ambazo haziachi magofu. Yaliyosalia ni majengo ya watawala, matajiri na ibada. Hivyo basi, kitabu na magofu vinahitaji kusomwa pamoja.

Hesabu ya siku na ukweli wake

Sehemu ya maelezo yake ambayo haipewi uzito mkubwa ni hesabu ya umbali. Akiwa Kilwa, Ibn Battuta alielezwa na mfanyabiashara kuwa bandari ya Sofala, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji, iko umbali wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba dhahabu huletwa Sofala kutoka bara kwa mwendo wa mwezi mzima. Yeye mwenyewe alipoondoka Kilwa alikwenda na chombo hadi Dhofar, kusini mwa Oman ya sasa. Miaka mingi baadaye alisafiri kutoka Calicut, India, hadi Dhofar kwa siku 28, upepo ukiwa mwema.

Hesabu hizo zinaweza kupimwa kwa vipimo vya leo. Kutoka Kilwa hadi Sofala ni takriban kilomita 1,350 kwa mstari ulionyooka. Zikigawanywa kwa siku 15, wastani ni kilomita 90 kwa siku. Kutoka Calicut hadi Salalah, mji mkuu wa Dhofar, ni takriban kilomita 2,450, na kwa siku 28 wastani ni karibu kilomita 87. Chombo halisi kilisafiri zaidi ya hapo, kwa sababu tanga haliendi kwa mstari ulionyooka na njia nyingine hulazimika kuzunguka rasi.

Wastani huo unakaribiana, ingawa habari zilitoka kwa watu tofauti na katika miaka tofauti. Hii ina maana kuwa mfanyabiashara wa Kilwa aliyetaja nusu mwezi hakuwa akikisia. Alikuwa akitumia kipimo kilichofahamika na kuaminiwa na mabaharia wa bahari nzima, kama abiria wa leo anavyotumia ratiba ya ndege. Baadhi ya safari za Ibn Battuta, hususan za maeneo ya mbali ya kaskazini na ya China, zimetiliwa shaka na watafiti. Katika habari za Kilwa, siku alizozihesabu na jina la Sultani aliyemtaja vinaendana na ushahidi mwingine.

Habari iliyochukua miaka 15

Baada ya Kilwa na Dhofar, Ibn Battuta aliendelea kwenda mbali zaidi na nyumbani. Alipita Oman na Ghuba, akahiji tena, akavuka nchi za Waturuki na nyika za Asia ya Kati, na hatimaye akafika Delhi katika miaka ya mwanzo ya 1330. Sultani Muhammad bin Tughluq alimteua kuwa kadhi, akamlipa vizuri, kisha baadaye akamtuma kuwa balozi nchini China. Dhoruba ilivunja vyombo vya msafara huo katika bandari ya Calicut pamoja na zawadi zilizokusudiwa mfalme wa China. Kwa hofu ya kurudi Delhi mikono mitupu, alikwenda katika visiwa vya Maldives, akawa kadhi huko, akaoa na kuacha. Alipita Ceylon, Bengali na Sumatra, na kwa mujibu wa kitabu chake, akafika China.

Akiwa India alipata habari kwamba mkewe aliyemwacha Damascus alijifungua mtoto wa kiume. Alimpelekea babu wa mtoto dinari 40 za dhahabu. Mwaka 1348, akiwa njiani kurudi, alifika Damascus na kumuulizia mwanawe. Aliambiwa mtoto alifariki miaka 12 iliyopita. Katika mji huohuo alikutana na mwanachuoni kutoka Tangier, ambaye alimweleza kuwa baba yake mzazi alifariki miaka 15 iliyopita, na kwamba mama yake bado alikuwa hai.

Kwa hesabu ya miaka hiyo, baba yake alikuwa hai wakati Ibn Battuta anakula chakula cha Sultani wa Kilwa, na alifariki miaka michache tu baada ya chombo chake kuondoka. Habari ya msiba huo ilichukua miaka 15 kumfikia. Haikuchelewa kwa sababu ya bahari pekee. Aliyehusika alikuwa akihama kila msimu, na hapakuwa na mtu aliyejua atafikiwa wapi.

Mwaka huo wa 1348 tauni kubwa ilikuwa imeingia Syria na Misri. Ibn Battuta alishuhudia miji ikizika maelfu ya watu. Alihiji mara nyingine, kisha akaelekea magharibi. Mwaka 1349, akiwa ndani ya Moroko na akiwa amebakiza safari ya siku chache kufika nyumbani, alipata habari kuwa mama yake naye amefariki kwa tauni hiyo. Alikuwa amekaa nje ya nchi yake kwa miaka 24. Alipofika Tangier, alilizuru kaburi la mama yake.

Kitabu na miaka ya mwisho

Safari zake hazikuishia hapo. Alivuka hadi Andalusia na kutembelea Granada, kisha mwaka 1352 akavuka jangwa la Sahara kwenda katika dola ya Mali. Sultani Abu Inan wa Moroko alimwita arudi, na mjini Fez akamwamuru asimulie yote aliyoyaona. Mwandishi aliyeteuliwa kumsikiliza na kuandika alikuwa Ibn Juzayy, mwanachuoni wa Granada. Kazi hiyo ilikamilika Desemba 1355, na kitabu hujulikana zaidi kwa neno la Kiarabu Rihla, yaani safari.

Baada ya hapo Ibn Battuta alifanya kazi aliyozaliwa kuifanya, akiwa kadhi katika mji wa Moroko. Alifariki mwaka 1368 au 1369. Watafiti hukadiria kuwa katika maisha yake alisafiri takriban kilomita 117,000, nyingi kuliko msafiri mwingine yeyote anayefahamika wa zama zake.

Kwa karne kadhaa kitabu hicho kilisomwa na watu wachache. Nakala zake za mkono zilizopatikana Algeria ndizo zilizowawezesha wasomi wa Ufaransa, Defrémery na Sanguinetti, kuchapisha maandishi kamili ya Kiarabu pamoja na tafsiri mjini Paris kati ya mwaka 1853 na 1858. Tangu hapo, kurasa chache kuhusu Kilwa zimekuwa rejea kwa kila anayeandika historia ya pwani, kwa kuwa ni maelezo ya mtu aliyeufika mji huo wakati wa fahari yake.

Umbali uleule, muda mwingine

Umbali kati ya Tangier na pwani ya Kilwa haujabadilika tangu mwaka 1331. Uwanja wa Tangier uko katika latitudo ya nyuzi 35.7 Kaskazini na longitudo ya nyuzi 5.9 Magharibi, na uwanja wa Songo Songo uko nyuzi 8.5 Kusini na nyuzi 39.5 Mashariki. Kwa kuwa dunia ni mviringo, umbali wa njia fupi hupatikana kwa kukokotoa pembe iliyopo kati ya maeneo hayo mawili kutoka katika kitovu cha dunia. Pembe hiyo ni takriban nyuzi 61.5, na kila nyuzi moja ni sawa na takriban kilomita 111.2. Zikizidishwa, ndipo hupatikana kilomita 6,840.

Kilichobadilika ni muda. Mabadiliko hayo yaliigusa pwani ya Lindi mapema. Mwaka 1937 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipoanza kutumia ndege zinazotua majini katika njia ya Southampton hadi Durban, bandari ya Lindi ilikuwa moja ya vituo vyake baada ya Dar es Salaam. Safari hiyo ilichukua siku kadhaa, lakini kwa watu wa wakati huo ilikuwa kasi isiyo na mfano.

Kwa msafiri wa leo, saa nane za angani ni sehemu tu ya hesabu. Anayetoka Songo Songo hulazimika kwanza kufika Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 185 kwa ndege ndogo, kisha kuunganisha safari katika mji mmoja au zaidi kabla ya kufika Tangier. Kutegemea muda wa kusubiri, safari nzima inaweza kuchukua siku nzima. Kama ilivyokuwa kwa vyombo vya Aden, kusubiri bado ni sehemu ya umbali.

Kisiwa cha Songo Songo chenyewe kimepata umuhimu ambao msafiri wa karne ya 14 asingeweza kuufikiria. Gesi asilia iligunduliwa huko mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kuzalisha umeme na matumizi ya viwandani. Pamoja na maendeleo hayo, wavuvi na wasafiri wanaotumia boti na majahazi kati ya kisiwa hicho na Kilwa bado huangalia Kusi na Kaskazi kabla ya kung'oa nanga.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na kufuatia kazi za uhifadhi yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Hifadhi hiyo sasa inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Mwananchi anayetaka kuona mahali Ibn Battuta alipopokelewa anaweza kufika Kilwa Masoko kwa barabara au kwa ndege ndogo, kisha akavuka kwa boti mwendo mfupi hadi kisiwani. Huko atakuta Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, na mbele yake bahari ileile ambayo chombo cha msafiri huyo kiliingilia kwa Kaskazi na kutokea kwa Kusi.